Breki Niliyoiandika kwa Wino

Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilipowaachia: Jumamosi ya mwezi wa Februari 1976, mjini Arua, Tahiru Lemi alipompita Kapteni Fadhul katika kona ya mwisho, Kapteni akaanguka na kuburuzwa kifudifudi vumbini, na wanawake waliotoka Koboko wakampigia vigelegele vya kumcheka. Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza ajue mambo mawili tu. Tahiru, kijana wa Dranya, alikuwa bingwa wa mbio za pikipiki za kiwanja cha mviringo katika West Nile nzima, miaka minne mfululizo. Tena alikuwa mume wa dada yangu Kiden.

Mimi, Pitia, nilikuwa fundi wake.

Leo naeleza Jumatatu iliyofuata. Siku hiyo nimeikwepa maisha yangu yote, na katika gazeti hili nimeikwepa kwa wiki tano, nikiwasimulieni vikombe na shangwe.

Siandiki kwa mkono wangu. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, na sababu mtaiona. Anayeandika ni Sadiya, mwalimu wa sekondari, mjukuu wa Tahiru na Kiden, kwa hiyo mjukuu wangu. Mwandiko wake umenyooka kuliko wa mtu yeyote katika ukoo wetu, nami nalitamka hilo bila haya. Hajui yaliyomo katika sehemu hii. Atayajua kadiri anavyoyaandika.

Kwanza pikipiki yenyewe.

Tahiru aliipata Uingereza, jeshi lilipompeleka huko kwa kozi ya udereva. Aliirudisha vipande vipande katika kasha la mbao. Ilikuwa na gia moja. Haikuwashwa kwa teke, ilisukumwa. Iliundwa kukata kona za kushoto tu, mpandaji akiilaza ubavu na kukita chini mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma.

Nayo haikutaka petroli. Ilitaka spiriti.

Spiriti tuliipata Manibe kwa Mama Emilia, aliyepika pombe ya muhogo na kuipitisha kwenye mrija mara tatu, mpaka ukiiwasha iwake samawati. Tahiru alikuwa Mwislamu asiyekosa sala, na kila Ijumaa alionekana amebeba jerikani.

"Tahiru, wewe nasali mara tano na nanunua waragi lita ishirini," Emilia alimchokoza. "Kule juu wanaandika nini?"

"Wanaandika kwa jina ya pikipiki, mama. Mimi hapana mlevi. Yeye ndiyo mlevi."

Kiwanja tulikimwagia majivu na makaa ya matanuri ya tumbaku, yakashindiliwa mpaka yakawa meusi na laini, gurudumu likateleza juu yake kama kisu juu ya siagi. Hayo watu wote waliyajua. Kulikuwa na moja tulilolificha mimi na Tahiru, na Kiden peke yake akalijua.

Pikipiki ile haikuwa na breki.

Si kwamba breki zilikuwa mbovu. Haikuumbwa nazo. Katika mbio za aina ile, anayefunga breki mbele ya wenzake anawaua walio nyuma yake. Tahiru alipunguza mwendo kwa kuilaza mashine na kukwaruza kile kiatu cha chuma ardhini. Mnaikumbuka mizunguko miwili aliyozoea kuizunguka baada ya kushinda, mkono mmoja hewani, watu wakipiga makofi? Waliidhani maringo. Ndivyo alivyosimama.

Lakini kamati ya mashindano ilikuwa na sheria: kila pikipiki iwe na breki, na fundi athibitishe kwa sahihi. Mwaka 1972 Tahiru alinijia karakanani kwangu Mvara na kipande cha chuma mfukoni.

"Shemeji, weka mkono ya breki hapa kwa usukani. Mkono tu."

"Waya wake utafungwa wapi?"

"Hapana fungwa."

"Huo ni uongo, Tahiru."

"Hii ni chuma, shemeji. Chuma hapana sema uongo. Karatasi ndiyo nasema."

Niliufunga. Niliutia na springi ndani, ili anayeubana auone mzito kama wa kweli, kwa kuwa kazi yangu siifanyi nusu. Kisha nikachukua kalamu ya wino na fomu ya kamati. Penye neno Breki nikaandika: Nzima. Chini nikatia sahihi yangu yote, kwa mwandiko niliofundishwa misheni ya Mvara na walimu waliotuchapa kwa nukta iliyokaa mahali pasipo pake.

Nilifanya hivyo kila msimu. Jumamosi ile pia nilifanya. Nakala moja ilichukuliwa na kamati, nyingine ikabaki karakanani, juu ya msumari.

Nilijituliza kwamba hakuna mwingine atakayeipanda.

*

Jumatatu, saa tatu asubuhi, gari la jeshi liliingia uani.

Tahiru hakuwapo. Jumapili mchana alikwenda Dranya kwenye arobaini ya shangazi yake, akiahidi kurudi kesho yake. Kiden alikuwa nyuma ya karakana akitwanga, mimba yake ya miezi saba ikimfanya apumzike kila mapigo machache.

Kapteni Fadhul alishuka na askari watatu. Shavu lake moja lilikuwa limechunika, na kwenye kidonda mlikuwa bado na chembe nyeusi za makaa ya kiwanja.

"Bingwa iko wapi?"

"Amekwenda Dranya, afande, kwenye msiba."

"Vizuri. Mimi hapana kuja kwa bingwa. Nakuja kwa pikipiki."

"Pikipiki si yangu, afande. Siwezi kuitoa."

Kapteni aliwageukia askari wake. "Sikia Kiswahili ya vitabu. Siwezi kuitoa." Kisha akanigeukia. "Mkono gani hapana weza?"

Walichukua wa kulia.

Walinikokota mpaka kwenye meza ya kazi, wakauweka mkono wangu katikati ya meno ya jiliwa, ile ile niliyoikazia vyuma vya Tahiru kwa miaka minne. Askari mrefu alishika hendeli. Alizungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nilisikia vidole kabla ya kuvihisi.

Nilipiga ukelele, na siuonei aibu.

Kiden alitokea na mchi. Aliuinua mchi kwa mikono miwili, akampiga askari wa karibu juu ya bega, mfupa ukalia, bunduki ikaanguka. Mwenziwe akamtandika kwa kitako cha bunduki kinywani. Dada yangu akaketi chini, damu ikichuruzika kidevuni mpaka juu ya tumbo, akiwa bado ameushika mchi.

"Piga tena," alimwambia yule askari. "Piga na hii iko ndani. Kesho nasema kwa mama yako wewe ni mwanaume."

Askari aliinua tena bunduki. Kapteni akamzuia kwa mkono.

"Wacha yeye. Fundi, ufunguo ya pikipiki."

"Haina ufunguo. Inasukumwa."

Hilo nililisema upesi. Nilimwambia na habari ya spiriti. Nilimwambia gia ni moja, na asiachie klachi ghafla. Kwa mtu ambaye mkono wake uko ndani ya jiliwa, nilieleza vizuri sana.

Kapteni alikwisha kuipanda. Alikuwa amekivua kile kiatu cha chuma msumarini, akakifunga mguuni kwa mikanda yake miwili, akaukanyagisha mguu chini ili kusikia mlio. Alicheka. Kapteni alizoea pikipiki ya jeshi, yenye gia nne na breki mbili. Aliubana mkono wa breki. Springi yangu ikamkazia vizuri.

"Breki sawa?"

Aliniuliza hivyo hivyo, waziwazi, kama mtu anavyomwuliza fundi. Mwanamume huyo alikuwa amenivunja vidole, na damu ya dada yangu ilikuwa inadondoka penye unga wa muhogo. Lakini aliniuliza, nami nilikuwa na jibu la neno moja.

Nikasema, "Imeandikwa kwenye karatasi, afande."

Sikusema uongo. Nimejirudishia maneno hayo kila siku ya Mungu, nikijikumbusha kwamba sikusema uongo.

Askari wawili wakamsukuma. Injini ikashika na kunguruma. Akatoka lango la uani akipiga ukemi wa furaha, akashika barabara inayoteremka kuelekea mto Enyau, nao wakamfuata kwa miguu wakishangilia, yule wa tatu akijikokota nyuma yao ameshika bega.

Mlima ule si mrefu. Mwishoni, kabla ya daraja, barabara inapinda kulia. Siku hiyo, kwenye kona, palisimama lori la tumbaku lililopasukiwa gurudumu.

Nilisikia injini ikipanda sauti badala ya kushuka. Kisha sikuisikia tena.

Niliigeuza hendeli ya jiliwa kwa mkono wa kushoto, nikajifungua mwenyewe. Kiden alivua kitambaa chake cha kichwani, akaufunga mkono wangu kwa nguvu, meno yake mawili yakiwa hayapo.

"Breki," alisema. "Wewe hapana ambia yeye."

"Aliniuliza, nikamjibu."

"Nilisikia ulijibu nini."

Tukateremka pamoja.

*

Kapteni alikuwa amelala chini ya mkia wa lori. Ubao wa nyuma ulikuwa umemkuta usawa wa shingo, na kichwa kilielekea upande ambao kichwa cha mtu hakielekei. Pikipiki ilikuwa imemtoka miguuni, ikateleza peke yake mpaka ndani ya shamba la muhogo. Usukani ulipinda kidogo tu. Kiatu cha chuma kilibaki mguuni pa marehemu.

Watu walianza kukusanyika kwa mbali, kama wanavyokusanyika wanaotaka kuona na hawataki kuonekana.

Haikupita nusu saa, akaja Meja Dumo kutoka kambini. Alikuwa mjomba wa Kapteni, ndugu wa mama yake, na ndiye aliyemlea. Alipiga magoti, akamfunika uso kwa kofia yake. Alipoinuka hakuwa na haraka.

"Dereva ya lori iko wapi?"

Walimtoa chini ya lori alikojificha. Hawakumwuliza kitu. Walimpiga kwa vitako vya bunduki na kwa spana ya magurudumu, mmoja akimaliza anapokea mwingine, mpaka mtu yule akaacha kujikinga kwa mikono, kisha akaacha kulia. Mimi nilisimama hatua ishirini. Nilijua asiyekuwa na kosa ni nani, nami nikasimama tu.

Askari mrefu ndiye aliyewasimamisha. Alikuwa ameiinua pikipiki kutoka muhogoni.

"Afande. Breki hapana waya."

Meja alikwenda akaubana mkono wa breki. Akauachia. Akaubana tena. Akapitisha kidole chini, mahali waya unapopaswa kuanzia, kidole kikatoka kitupu.

"Mutu alikata," alisema taratibu. "Nani?"

"Fundi alisema breki imeandikwa kwa karatasi," akasema askari. "Mimi nilisikia. Kapteni aliuliza, yeye alisema."

"Leta karatasi."

Karatasi ilikuwa juu ya msumari wangu. Askari alipanda mbio na kushuka mbio. Jibu langu la werevu halikudumu hata asubuhi moja.

Meja aliisoma kwa sauti, akiburuta kidole. "Breki. Nzima. Jumamosi." Akaikunja mara mbili. "Jumamosi breki iko. Leo breki hapana. Katikati ya Jumamosi na leo, nani aligusa hii kitu?"

Kila mtu wa Arua alijua jibu. Ni watu wawili.

Basi lililotoka Koboko likafika upande wa pili wa daraja, likazuiwa na umati. Mlango ukafunguliwa. Akashuka Tahiru Lemi, katika kanzu nyeupe ya arobaini.

Alivuka daraja akitembea. Aliiona pikipiki, akamwona mtu aliyefunikwa kofia, akakiona kiatu mguuni pake. Akamwona mke wake na kinywa chake. Akanitazama mimi, mkono wangu umefungwa kitambaa cha Kiden, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Pole, afande," alimwambia Meja. "Hii pikipiki—"

"Wewe nyamaza. Wewe nitakuuliza mwisho." Meja aliifungua karatasi, akanisogelea mpaka nikanusa tumbaku ya pumzi yake. "Mwandiko mzuri. Ni ya kwako?"

"Ni wangu, afande."

"Sasa sikia, mtu ya kusoma. Mimi nauliza mara moja. Hii karatasi ni kweli ama ni uongo?"

Msomaji, nataka uyaone yote mawili kama nilivyoyaona. Nikisema ni uongo, mimi ndiye niliyempandisha mpwa wake juu ya mashine isiyosimama, na damu yangu ingebaki pale barabarani. Nikisema ni kweli, basi breki ilikuwapo Jumamosi, na aliyekata waya ni Tahiru.

Ndivyo ilivyokuwa. Maisha yake kwa jina langu.

"Ni kweli, afande."

*

Hapa Sadiya aliweka kalamu chini.

Chai ilipoa mezani. Nje mtu alipita akiita mbuzi wake. Nikamwambia, "Andika, mwalimu."

Aliniuliza swali moja. "Babu, Bibi Kiden alisikia?"

Nikamwambia alikuwa amesimama kando yangu.

Sadiya hakunitazama tena. Aliichukua kalamu, na tangu mstari ule mwandiko wake umelala upande. Sikumsahihisha.

*

Kiden alisikia. Alikishika kile kitambaa chake alichoufungia mkono wangu, akakifungua fundo kwa fundo, akakitoa. Alikipangusa damu kwenye nguo yake, akajifunga kichwani, akaondoka ubavuni pangu.

Hajawahi kusimama ubavuni pangu tena.

Nilimngojea Tahiru aseme. Sentensi moja ingemwokoa: huyu ni mwongo, pikipiki hii haijawahi kuwa na breki. Angelisema hivyo, hata askari wenyewe wangeliitikia kwa kichwa.

Alinitazama kama anavyotazama mtu chombo kilichomvunjikia mkononi katikati ya kazi. Hapakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu kazi iliyobaki.

"Shemeji nasema kweli," akasema. "Yeye hapana juaga uongo."

"Basi wewe ndiyo ulikata," akasema Meja. Bastola ilikuwa imekwisha kutoka ala.

"Afande, waya iko, waya hapana, yote moja. Hii pikipiki hapana simama na waya. Nasimama na mguu. Kapteni alifunga kiatu, hapana jua kazi ya kiatu."

"Na mguu?"

"Na mguu. Miaka nne watu naona mimi. Hapana mtu alinionaga nashika breki. Uliza askari yako."

Askari walitazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli, afande. Hapana shika."

"Wacha nipande kule juu," Tahiru alisema. "Nishuke kama Kapteni. Nikisimama mbele ya daraja, Kapteni alikufa kwa mkono yake, na wewe nasamehe dereva na fundi na bibi yangu. Nikigusa daraja, mimi ndiyo nilimuua. Hapana maneno tena."

Meja Dumo alifikiri. Alikuwa mtu wa jeshi la zamani, na nilimwona Jumamosi nyingi akisimama juu ya kiti chake Tahiru alipokata kona. Akairudisha bastola alani.

"Bunduki nne kwa daraja," akaamuru. "Gurudumu ikigusa ubao ya kwanza, piga. Hapana ngoja mimi."

Lori likasukumwa kando. Dereva akaburutwa pamoja nalo, ama mzima ama maiti, sikujua.

"Kiatu yangu," akasema Tahiru.

"Iko pale. Toa mwenyewe."

Alipiga magoti barabarani, kanzu nyeupe ikaingia katika damu. Akasema Inna lillahi, kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mtu msibani kwa jirani. Akafungua mikanda miwili. Mguu wa marehemu akauweka chini polepole, akaunyoosha uwe sambamba na mwenzake. Kisha akakivaa kile kiatu, akaipindisha kanzu, akaifunga kiunoni.

Alimpitia Kiden. Hawakugusana, kwa kuwa kulikuwa na watu.

"Rudi nyumbani, mama ya mtoto."

"Mimi iko hapa."

"Rudi, pika."

"Nitapika ukisimama," dada yangu akasema, damu ikimtoka pamoja na maneno.

*

Tuliikokota pikipiki mpaka juu, Tahiru akishika usukani, mimi nikifuata, askari wawili nyuma yetu na bunduki. Jua lilikuwa utosini. Mkono wangu ulidondosha damu kila hatua, na nzi walikuwa wamekwisha kuujua.

Nilitaka kusema. Sikupata mwanzo wa sentensi, mimi niliyefundishwa kuanza barua za aina kumi na mbili.

Juu, penye lango la karakana yangu, akaigeuza mashine ielekee mtoni. Kule chini niliona watu wanne wakipiga goti mbele ya daraja. Barabara ilikuwa nyembamba, ya kokoto, yenye mitaro miwili. Na kona ya daraja ilikuwa ya kulia. Katika miaka minne sikuwahi kumwona akikata kona ya kulia.

Akapanda. Akaubana ule mkono wa breki wa uongo, akauachia.

"Springi yako nguvu," akasema. "Ulifanya kazi nzuri, shemeji."

"Tahiru, mimi—"

"Hapana sasa. Askari hapa hapana jua kusukuma. Watanitupa kwa mtaro. Nisukume wewe."

"Nina mkono mmoja."

"Mkono moja natosha."

Niliuweka mkono wangu wa kushoto mgongoni pake, chini ya shingo, mahali kanzu ilipolowa jasho. Nilihisi moyo wake. Ulikuwa unakwenda taratibu kuliko wangu.

Nikasukuma. Kokoto zikaanza kulia. Nikaongeza mbio. Akainyoosha miguu yote miwili ili kujiweka sawa, na ule wa kushoto ukapita mbele ya macho yangu, karibu kabisa, juani.

Kiatu cha chuma kilikuwa na ufa.

Ulianzia kisiginoni ukaikata soli nzima mpaka mkanda wa mbele, mpya, unang'aa kama jeraha lisilopata damu. Kilikuwa kimepasuka pale Kapteni alipogonga lori. Kingestahimili kutembea. Kukwaruzwa mara moja katika kokoto kingegawanyika vipande viwili, na mwenye mguu asingekuwa na kitu cha kusimamia duniani.

Mara ya pili siku ile nilijua jambo ambalo mpandaji hakulijua.

Safari hii nilifungua kinywa. Nikaita jina lake kwa sauti yangu yote, na mkono wangu bado uko mgongoni pake.

Injini ikashika.